Nimebadili Siku ya Mechi ili Mke Wangu Asisimame Golini

Mshauri, shikamoo kama unanizidi umri, na kama hunizidi basi pokea salamu za mtu wa miaka hamsini na tisa aliyefanya jambo la kitoto, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo.

Mimi ni mchora mabango, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa kipa wa timu ya mpira wa mikono ya mtaa wetu, ambayo siku hizi ni ya wenye miaka hamsini na kuendelea, wanaume na wanawake pamoja, saba uwanjani na wengine benchi wakitafuta pumzi, na jina langu pale ni Komeo, kwa sababu enzi zangu goli nikilifunga lilikuwa halifunguki. Watazamaji wetu hawajawahi kuzidi kumi na mmoja, pamoja na mlinzi wa uwanja, ambaye hana pengine pa kwenda.

Mwaka jana niliteguka kidole, mama watoto akawa amekuja kuniletea ufunguo wa nyumba, na kapteni wetu, ambaye ni kinyozi, akamwambia, “Shemeji, simama golini dakika tano tu, usiogope, hawa wazee hawana nguvu.” Mshauri, mke wangu amefundisha chekechea miaka thelathini, hakuna kitu kinachorushwa ambacho hajawahi kukidaka, alisimama pale na viatu vyake vya kazini akadaka mipira sita mfululizo, kinyozi akakaa chini kwa kucheka, na mimi nilishangilia mpaka sauti ikakauka, nilifurahi kweli, wiki nzima tulikuwa tunarushiana ndimu jikoni kama vijana.

Sasa tumewaalika wastaafu wa kiwanda cha sabuni, nikachora mabango manane, na safari hii watu wameitikia, mpaka akina mama watatu wameuliza wanajiungaje. Lakini katika mazoezi ya hivi karibuni tulidaka kipindi kimoja kimoja, mimi nikafungwa kumi na moja, yeye manne. Alipokwenda kunawa, kinyozi akanishika bega akasema, “Komeo, mwenzangu, Jumamosi ataanza shemeji.” Nikamuuliza, “Na mimi?” Akasema, “Wewe si ndiye uliyewaita watu? Kaa nao uwakaribishe.” Wote wakacheka, nami nikacheka kicheko cha kuishia kwenye meno, na yeye aliporudi akaambiwa kuwa ataanza.

Tulipofika nyumbani nikamwambia mke wangu kuwa mechi imesogezwa Jumapili. Akasema, “Mbona bango la pale getini kwetu shule limeandikwa Jumamosi?” Basi alfajiri nikabeba ngazi na brashi, nikalibadili lile moja. Nikamwambia pia kuwa mazoezi hakuna, uwanja unapakwa rangi, na kwa kuwa mtu wa rangi ni mimi, akaamini. Kinyozi nimemwambia kuwa shemeji yake anakwenda kumwona dada yake Jumamosi.

Mambo yameharibika kwa sababu mwalimu mkuu amelisoma lile bango, akawatangazia wazazi, na wazazi mia na ishirini wanakuja Jumapili na viti vyao. Na jana nilimkuta mke wangu amesimama mlangoni mwa chumba, mikono juu, anapima upana. Akaniambia, “Baba, siku hiyo usikae mbali. Kaa nyuma ya goli langu, uwe unanielekeza.” Nikisema ukweli nimeumbuka, nisiposema watu mia na ishirini wanakuta uwanja mtupu, naye ndiye atakayewapokea. Nifanye nini?

Komeo, mchora mabango

*

Komeo,

Nimecheka, nikakasirika, kisha nikaanza kukujibu, kwa mpangilio huo. Gazeti hili linatoka Jumatano. Una siku tatu.

Unachokiona kama aibu ni kuwekwa benchi. Hiyo si aibu. Mabao kumi na moja na manne umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe, na kinyozi anajua kuhesabu. Aibu ni mwanamke anayekuomba ukae nyuma ya goli lake, huku wewe umempangia akafike siku ambayo goli halina mtu. Na umewatania wazazi ambao hawajakukosea kitu.

Hata hivyo naelewa panapouma. Umedaka miaka ishirini na miwili mbele ya watu kumi na mmoja, na siku umati unapokuja unaambiwa upishe. Mtu yeyote angenuna. Ila kununa kwako kumepanda ngazi na brashi, na hapo ndipo tunapokosana.

Sikiliza. Ukimaliza kusoma, kunja gazeti umwambie mkeo leo, kabla hajalisoma mwenyewe. Usianze na kidole wala na kinyozi. Sema, “Niliona wivu, nikakudanganya siku.” Kisha nyamaza. Atakachokujibu ni haki yake, na mwalimu wa chekechea ana maneno mengi ya kumwambia mtoto wa namna yako.

Mchana huu huu, shule ikiwa wazi na watu wakikuona, rudisha Jumamosi kwenye bango. Ingia ofisini, mwambie mwalimu mkuu kosa ni lako, na umwombe awatumie wazazi ujumbe leo. Wakikuuliza maswali, jibu ukiwa hapo hapo. Jioni mpeleke mkeo mazoezini, na kinyozi apate ukweli kutoka kinywani mwako, si kutoka ukurasa huu.

Halafu aanze yeye golini, na usikubali kukaa kwenye viti vya wageni. Kidole kimepona, mikono unayo, na mchezo wenu unaruhusu watu kuingia na kutoka wakati wowote. Mwombe kinyozi akuchezeshe pembeni, kwenye ushambuliaji. Kwa miaka yote hiyo kazi yako ilikuwa kuwanyima wenzako mabao. Sina shaka hujawahi kufunga hata moja. Jumamosi mkeo akidaka, jambo la kwanza atakalofanya ni kutazama mbele amtafute wa kumrushia mpira. Uwe umeshaanza kukimbia.