Mjomba, Besi Yako Nimeipunguza

Mjomba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo, kwa hiyo tuseme umeitikia.

Nimekaa kwenye stuli yako, chumbani kwako hapa Mlali, madirisha wazi, hedfoni zako shingoni. Amplifaya yako inawaka. Inaimba, Mjomba! Nimeanza na mwisho kwa sababu furaha imenizidi, halafu wewe mwenyewe hukuwa mtu wa kusubiri. Kaseti ulikuwa unaipeleka mbele mpaka kwenye kiitikio.

Sasa nikusimulie toka siku ya kuanua matanga. Watani wetu walikuja, Mama Zuhura mbele. Kavaa koti lako la kaki, suruali yako kaikunja miguuni, hedfoni kichwani, anatembea kama wewe, goti moja likichelewa nyuma, na anapiga kelele kama mtu asiyejisikia: "Tulieni! Nasikiliza mambo ya watu wazima!" Waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu ulipotuacha, ila nilichekea nyuma ya mlango. Unanijua.

Halafu akaiwasha amplifaya. Kimya. Zile valvu zako mbili, vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa, moja haikuwaka kabisa. Ya pili, ile rangi ya fedha iliyo juu ya kioo ilikuwa imegeuka nyeupe kama maziwa. Ulinifundisha mwenyewe: ikiwa nyeupe, hewa imeingia, valvu imekufa. Mama Zuhura hakuhitaji kufundishwa. Akaikumbatia amplifaya akatangaza kwamba watani hawaondoki mikono mitupu, redio bubu hii anaenda kuatamishia kuku.

Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka, kwa sababu mtani akishabeba, nani wa kumwambia rudisha? Na wewe ulisema mbele ya mama, kule wodini, kwamba kitu hicho ni changu, mtoto wa dada yako. Nikasema, "Itaongea."

"Nani kasema? Panya?"

"Itaongea. Siku ya arobaini." Safari hii nilisikika. Yaani, Mjomba, mimi ambaye darasani siwezi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni! Mama Zuhura akanikazia macho, akaiweka chini taratibu. "Haya, arobaini. Isipoongea, kuku wangu wanaisubiri."

Nikaanza kusoma habari za valvu kwenye simu ya mama. Kiingereza cha shule kilinisaidia kwenye namba na volti, lakini kwenye sauti kiliniacha njiani. Mmoja anaandika kwamba valvu fulani ina sauti yenye unyevu. Mwingine, valvu hiyohiyo, anasema ni kavu. Wa tatu eti kasikia chokoleti. Ningekusomea ungedondoka stuli. Nikarudi kwenye maneno yako: "Iingie kwanza bila kuunguza kitu, ladha utaiuliza baadaye." Kwa hiyo namba ileile, volti ya kuwashia ileile, na ziwe pacha, sikio la kushoto lisije likaonewa.

Nikapata pacha za aina mbili. Za kwanza mpya, tuliziagiza Dar, zikaja na basi mpaka stendi ya Msamvu, nikazipakata njia nzima kurudi kama mayai. Za pili ni za zamani. Mama alikumbuka kwamba Matombo, kwenye stoo ya kanisa, kuna amplifaya ya spika za siku nyingi. Tukapanda milimani. Katekista akatuonyesha lidude limekaa chini ya mikungu ya ndizi, mavi ya popo juu. Nikaingiza mkono nikazichomoa valvu zake mbili, nikapangusa vioo kwa kanga ya mama. Rangi ya fedha ileile, inang'aa! Katekista akasema, "Chukua tu, mwanangu. Hizo zimeshamaliza kuhubiri."

Hapa ndipo penye maungamo yangu.

Nilijaribu zote kwa kaseti zako za dansi. Za Dar zilikuwa wewe mtupu. Besi nene, unaisikia mpaka tumboni. Za kanisani, besi ikasogea nyuma, lakini waimbaji wakaja mbele, karibu kabisa, nikasikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba. Nilizipenda palepale. Halafu nikaona aibu, kama mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwa watu akaanza kupanga viti upya. Basi nikaziweka za Dar. Nikajiambia amplifaya ni ya Mjomba, na sauti iwe ya Mjomba.

Arobaini ikafika. Uwanja umejaa, Mama Zuhura na koti lako tena. Nikawasha kwenye meza ya barazani. Akavaa hedfoni, akasubiri, kisha tumbo likaanza kucheza lenyewe. "Loo! Marehemu yumo humu, anakoroma!" Vigelegele. Kuku wamekosa. Ningeishia hapo nikajificha, kesi imekwisha.

Lakini nilitaka mama naye asikie. Nikaweka ile kaseti uliyorekodi kwaya yao ya Matombo, mama akiwa msichana. Akasikiliza kidogo, akavua. "Wanaimba vizuri," akasema. Basi. Kama anasifia mboga za jirani.

Nikasema, "Subirini." Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikazishika za Dar kwa kanga maana vioo vilikuwa moto, nikazitoa. Mama Zuhura akadakia, "We mtoto, umeshinda kesi, unakata rufaa ya nini?" Na kama isingeongea tena je, mbele ya watu wote wale? Miguu ya valvu za kanisani haikutaka kuingia kwenye soketi. Ikaingia. Nikawasha. Tukasubiri ipate moto. Sijawahi kuangaliwa na watu wengi hivyo.

Nikamvisha mama tena. Mara akaruka, anapayuka kwa sababu ya hedfoni: "Huyu anayewahi kuingia ni mimi! Ni mimi! Mwalimu alinigombeza wiki nzima!" Na akaanza kuimba sauti ya pili, peke yake, kaseti tusiyoisikia ikimfuata. Wenye umri wake wakamwitikia kutoka kwenye mikeka. Mama Zuhura akavua koti lako, akanivisha mimi bila kusema kitu. Na yeye kunyamaza, Mjomba, wewe ulishawahi kuona?

Kwa hiyo nimeziacha za kanisani. Besi yako nimeipunguza, nisamehe, au usinisamehe, ila ndivyo ninavyosikia mimi. Za Dar nimezifunga kwenye soksi yako, ziko kabatini. Nikikukumbuka sana nitazirudisha, nisikie ulivyokuwa unasikia.

Nakuahidi haitakaa bubu mikononi mwangu, na hedfoni hizi hazitakuwa za mtu mmoja tena.

Lala vizuri, Mjomba. Mama anagonga mlango, anataka kusikia tena alipowahi. Nampisha stuli.

Mpwa wako