Nyama ya Kupikwa Kutwa

Dijon, 19 Januari

Mpendwa dada Annick,

Pokea salamu zangu za mwaka mpya, ingawa mwaka wenyewe umeshaanza kuchakaa. Goti lako linaendeleaje? Na yule paka wako mkorofi, bado anawafukuza wageni mlangoni? Sisi huku hatujambo. Mume wangu Thibaut ana kikohozi chake cha kila Januari, mwanetu Anouk yuko kwenye mitihani na hasemi na mtu, nami ni mzima, mzima kuliko unavyodhani. Ndiyo maana naandika. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, nami nina jambo ambalo nikikatizwa sitalimaliza.

Kwanza safari. Tumepata fleti kule mlimani Valbrune, jengo lile lile, orofa ya nne, juma la pili la likizo ya Februari. Tutakuwa tisa: sisi watatu, mama mkwe wangu Huguette, wifi yangu Bérengère na mumewe na watoto wao wawili, nawe wa tisa. Kitanda cha dirishani nimekuandikia wewe. Huguette anadhani ni chake, na hakuna aliyemwambia bado.

Kama kawaida mipango yote iko kichwani mwangu. Nimeshaagiza pasi za lifti za kupandia mlimani, nimewakumbusha kubeba mashine ya kuyeyushia jibini, na nimewaambia tuondoke Dijon alfajiri, la sivyo foleni ya magari pale Moûtiers, chini ya mlima, itatukamata mpaka jioni. Iliyobaki ilikuwa fomu ya duka la kukodisha skii za kutelezea thelujini. Fomu hiyo inataka urefu wa kila mtu, uzito, namba ya kiatu na kiwango chake cha kuteleza, nami nimeijaza miaka ishirini. Najua miguu ya ukoo huu kuliko fundi viatu. Bérengère huvaa 41, lakini kila mwaka ananiambia niandike 39, na kila mwaka ikifika Jumatatu adhuhuri anachechemea akilalamika kwamba duka hili halina viatu vya maana. Mstari wangu mimi ndio rahisi kuliko yote. Huwa ni kistari tu.

Najua bado una hasira tangu Krismasi. Nilikuwepo, lakini acha nikukumbushe jinsi nilivyoyasikia. Huguette alisema tu kwamba anaisubiri Februari, mimi Maryvonne niwapikie nyama ya mvinyo, ile ya kutwa nzima jikoni. Wewe ukaweka uma chini, ukawauliza walioa mke au waliajiri mpishi. Ukasema mdogo wako anapanda mlimani kila mwaka ili auangalie mlima kupitia dirisha la jikoni. Huguette akajibu kwamba watu wa Quimper, kwetu Bretania pwani, wamezaliwa na mashua, theluji wataijulia wapi. Nawe ukamwambia kwamba kwenye mashua angalau kila mtu anapiga kasia. Thibaut alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mimi nikainamia sahani. Uliondoka kabla ya keki, na goti lako lile, ukaenda kusubiri treni peke yako. Kisha ukaniandikia kwamba Februari utakuja wewe mwenyewe kumenya karoti, ili mimi nipate japo kupunga hewa.

Basi maneno yako yaliwaingia. Siku ya keki ya Wafalme, sikukuu ya mwanzo wa Januari, walikusanyika hapa kwetu wakanipa bahasha. Ndani mlikuwa na masomo ya asubuhi tano ya kuteleza, darasa la wanaoanza kabisa, na kando ya bahasha kofia ngumu ya rangi ya waridi. Thibaut machozi yalimlenga. Alisema amekuwa mume mbaya na kwamba Annick amemfumbua macho. Bérengère akasema wote watakuja kusimama chini ya mteremko kunipiga picha, na akanishika bega: “Wifi, wala usiogope kuanguka, hata vitoto vya miaka minne vinaanguka, tena vinacheka.” Huguette akasema kwa umri wangu mifupa si ya kuchezea, kwa hiyo atakuja na kiti na chupa ya chai ya moto, kwa lolote litakalotokea. Wakaamua pia kwamba kila jioni atapika mtu mwingine kwa zamu. Isipokuwa Jumatatu. Jumatatu ni yangu, kwa sababu nyama ya mvinyo hakuna mwingine anayeiweza.

Nilishukuru. Nikaivaa kofia, nikageuka huku na huku, wakanipigia makofi. Kisha nikajifungia bafuni, nikacheka huku nimeuma taulo, na baada ya kucheka nikalia kweli.

Dada, vuta kiti ukae. Mimi najua kuteleza. Nateleza mwaka wa kumi na moja sasa, kwenye njia za rangi nyeusi, zile kali kuliko zote, ambazo Thibaut huzitazama kwa mbali akisema mwakani, mwakani.

Ilianza Anouk akiwa na miaka sita. Kistari kile kwenye fomu nilikuwa nakichora mwenyewe miaka tisa mfululizo, wala hakikuniuma. Mwaka ule nilikuwa nafunga mizigo, Thibaut akaijaza fomu badala yangu, na kwenye mstari wangu akachora kistari bila hata kuinua kichwa kuniuliza. Mkono wake haukusita. Nikajiona nimefutwa. Jumatatu ile walipoondoka wote na skii zao, niliteremka kununua nyama, nikakwama mlangoni mwa bucha nikiangalia watu wanavyoshuka. Mwenye bucha, anaitwa Josiane, akaniuliza kama nimekuja kununua au kulinda mlango. Nikamwambia nina nyama ya kupika kutwa nzima. Akacheka. Akasema yeye huipika hiyo nyama kila siku ya Mungu, sufuria kubwa za mikahawa mitatu, nimwachie chungu changu niende zangu. Kaka yake alikuwa mwalimu wa kuteleza na hakuwa na mwanafunzi asubuhi ile.

Saa kumi nikarudi fletini na chungu kimejaa, baada ya kushinda naye thelujini nikianguka na kuinuka. Huguette akaonja. Akafumba macho. Akasema hatimaye Mbretoni ameelewa mapishi ya kwao Burgundia, na kwamba huu ndio mkono wa marehemu mama yake, hajauonja tangu amzike. Ningesema nini, Annick? Nikampakulia tena. Na tangu hapo nimekula kiapo kwamba nyama ile huku chini haitoki vile, siri yake ni hewa ya mlimani, ndiyo maana Krismasi hunioni nikiipika. Vyakula vya siku nyingine ni vya nusu saa, na hakuna aliyewahi kuhesabu.

Skii zangu mwenyewe na koti langu la kijani vinalala nyuma ya friza ya Josiane. Kila siku saa tatu na nusu nimeshatoka, saa tisa na nusu nimerudi, upande wa pili wa mlima ambako hawafiki kwa sababu Bérengère anaiogopa lifti ya kule. Uso ukiniungua nasema nilikaa kibarazani nikimenya karoti juani. Hata weupe wa miwani uliobaki kuzunguka macho yangu hawajawahi kuuona. Chupa ile ya mvinyo wa shambani kwao, ambayo Huguette huileta kwa ajili ya chungu na kutuapisha kwamba asionje mtu, huinywa mimi na Josiane siku ya Ijumaa. Ni mvinyo mzuri mno, kuumwaga kwenye sufuria ingekuwa dhambi. Na mwaka juzi Thibaut alirudi jioni amechangamka, akasimulia mezani kwamba alipotea njia akajikuta kwenye lifti ya upande wa pili, na akiwa juu akamwona mwanamke wa koti la kijani akishuka njia nyeusi. “Jamani, yule mama anashuka! Hasimami, hageuki nyuma, ningetaka kumpa mkono.” Nikamuuliza kama anataka karoti zaidi.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Kwa sababu nawajua. Ningesema tu, Huguette angehitaji mtu wa kumsindikiza kwenye njia zake za watoto. Bérengère angehitaji mtu wa kuwachukua wanawe darasani saa tano na nusu. Thibaut, Mungu ambariki, angenisubiri kwenye kila kona anipe ushauri. Ningepewa theluji na kunyang'anywa saa zangu. Saa zile sita ndizo pekee katika mwaka mzima ambazo hakuna anayeniuliza soksi ziko wapi. Siwaombi radhi kwa hilo, wala sitawaomba. Miaka kumi na moja nimekaa nao meza moja, na hata siku moja hakuna aliyeniuliza leo umeshinda ukifanya nini. Wangeuliza, huenda ningesema.

Lakini wewe nakuomba radhi, na hapa sina mzaha. Ulisimama kunitetea mbele ya watu, nami nikainamia sahani. Ulidhani ni aibu. Nilikuwa nazuia kicheko, dada yangu. Nilicheka moyoni wakati wewe unatetemeka kwa hasira kwa ajili yangu. Nilipoona umechukua koti lako, kicheko kilikatika, na nilipaswa kukufuata mpaka kituoni nikakwambia yote palepale. Sikukufuata. Niliogopa kupoteza siri yangu, nikaona afadhali nikupoteze wewe kwa juma moja au mawili. Hilo ndilo linaloninyima raha, si nyama wala mvinyo. Na jua kwamba hukukosea. Miaka tisa ya mwanzo nilikuwa kweli mpishi wao, na maneno yako ya Krismasi ningeyahitaji wakati ule. Mimi ndiye niliyekuwa nakwambia kwenye simu kwamba kila kitu ni kizuri.

Nilifikiria kunyamaza tena. Nilijiona kabisa nimelala thelujini asubuhi tano, na kofia ya waridi, najifanya siwezi kuinuka, ili mradi siri ibaki. Jana nikaenda mbele ya kioo kujifunza namna ya kuanguka. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, dada, anajifunza kuanguka ili watu wake wasifadhaike! Nikajitazama, nikasema hapana. Sitaanguka kwa ajili ya mtu.

Asubuhi ya leo nimeijaza fomu. Kila mtu nimemwandika kama alivyo, na Bérengère nimemwandikia 41. Masomo ya wanaoanza nimeyahamishia jina lake, maana anayahitaji. Kwenye mstari wangu sikuchora kistari. Nimeandika: Maryvonne, hahitaji kukodi, anazo zake. Kisha nimewatumia wote nakala kwenye simu zao.

Hivi ninavyokuandikia, simu imelia mara saba. Thibaut mara tatu, Bérengère mara mbili, Huguette mara mbili. Sijapokea. Nimetaka wewe uwe wa kwanza kuambiwa na mimi mwenyewe, neno kwa neno.

Kwa hiyo njoo, tafadhali, lakini usije kumenya karoti. Jumapili nitapanda nao wote mpaka juu, na kofia yangu ya waridi, na nitashuka njia nyeusi mbele yao mara moja. Mara moja tu, waone. Jumatatu narudi upande wangu wa mlima peke yangu, na saa zangu sitampa mtu. Wewe kaa kwa Josiane, ana kiti kizuri karibu na jiko, goti lako litafurahi. Na saa kumi jioni sitaleta chungu. Nitamshika Huguette mkono, taratibu, kwa heshima zote, nimpeleke mpaka buchani, nimtambulishe kwa mkono wa marehemu mama yake.

Nisalimie majirani wote wa mtaani kwetu, na paka pia ukimpata ana siku njema. Nijibu upesi kama umenisamehe, na kama hujanisamehe nijibu upesi zaidi, nije Quimper kabla ya Februari tuyamalize uso kwa uso. Simu inalia tena. Ni Huguette. Acha ilie, natafuta stempu kwanza.

Mdogo wako anayekupenda,
Maryvonne