Kidonda Hakijengwi kwa Njaa

Mpwa wangu Neema,

Hilo daraja la Kigongo unalolisikia huko Songea, ujue lisingesimama bila mimi. Wahandisi walikuwa hawamwagi zege mpaka niwaambie ziwa limeamkaje. Mtu wa namna hiyo ndiye uliyemwaibisha mbele ya wageni.

Unakumbuka. Mwiba wa sato ulinichoma mguuni, samaki mwenyewe mkubwa kuliko mlango, pakawa kidonda. Nikashika miko ya bibi yako: mwenye kidonda haonji samaki wala maharage, vinaleta usaha. Nikawa mtu wa chai ya rangi na kipande cha muhogo. Wageni wamekuja kwa posa yako, wewe ukanisogezea bakuli la sato.

"Mjomba, kula. Mwili unajenga nyama mpya hapo."

"Utajijenga wenyewe. Mimi ni damu ya wawindaji wa simba."

"Haujijengi wenyewe. Vipande vidogo vya chakula havishikani vikawa nyama mpaka visukumwe, na nguvu ya kusukuma inatoka kwenye chakula kingine ambacho mwili unakiunguza. Hata jani, maji na hewa haviwi sukari mpaka jua litie nguvu. Wewe unakinyima kidonda tofali, halafu unamnyima na fundi chakula."

Mshenga akadakia, "Mzee, fundi wako kagoma!" Nyumba nzima ikacheka.

Nikakwambia usikanyage tena kwangu. Ukatii. Tangu nakubeba mgongoni kwenda kuanika dagaa ulikuwa mbishi kwa kila neno langu, hilo moja ndilo ukaona la kutii! Umeolewa, umehama, hata shikamoo ya simu hakuna. Mjomba mzima unamtupa kama magamba.

Kidonda kilipanuka. Daktari wa Misungwi akasema yaleyale yako, ila yeye hakuniita mjomba: "Usipokula, mguu huu tutaukata." Nilirudi nimenuna njia nzima, nimekununia wewe. Ulikuwa na haki ya kusema, lakini si mbele ya mshenga. Hilo silifuti, na barua hii si ya kubembeleza mtu.

Ila ujue mguu upo. Pembeni pameanza kuziba. Majirani nawaambia ni dawa ya porini, siri ya ukoo. Neema, ni uji wa lishe, ule wenye picha ya mtoto mchanga kwenye pakiti. Muuzaji anadhani namnunulia mjukuu.

Ni mimi, ndugu wa mama yako, niliyebaki huku Kigongo,
Mjomba