Rukia Amelisimamisha Gari la Bwana Salmini

Limesimama, Baba Rukia! Mwanao amelisimamisha gari la Bwana Salmini katikati ya mteremko, na mimi mwenyewe nimo ndani, na buibui langu halikuteleza hata kidogo!

Sasa pokea salamu, maana furaha imenitangulia. Assalamu alaykum mume wangu. Mgongo waonaje? Na injini ya mashua, bado yakohoa ukitoka Pate? Sisi huku Mombasa alhamdulillahi, hatuna la kulalamikia ila joto, na majirani wasiojua kupika samaki.

Gari lenyewe walijua, ulilizunguka ulipokuja baada ya Idi: lile jekundu la watu wawili, la mbio za zamani, fupi kama kitanda cha mtoto, aliloachiwa Bwana Salmini na marehemu babake. Lilikaa chini ya turubai miaka na miaka kwa kuwa breki zake hazishiki. Mafundi wakamwambia aliuze kama vyuma chakavu. Rukia akasema, "Niachie mimi, Bwana." Na wewe ukasema, mbele ya dadako Bi Zena, kwamba kazi hii ikimshinda arudi Amu, kwani mtoto wa mji wa punda atafuata nini magari? Sikukujibu siku ile. Yeo nakujibu.

Nikwambie alivyofanya, maana nami nimekuwa fundi, waulize majirani navyowachosha. Breki za zamani zilikuwa zimefichwa ndani ya mabakuli ya chuma, zikipata moto zinalegea. Mbele akazitoa, akatia sahani za chuma zinazobanwa huku na huku. Nyuma akaziacha zile za asili, akazisugua zikang'aa kama sufuria za arusi, kwa kuwa Bwana Salmini hakutaka gari la babake ligeuke sura. Na ile silinda inayosukuma oili ilikuwa ya chumba kimoja. Ikivuja, soma shahada! Rukia akatia ya vyumba viwili, kimoja cha magurudumu ya mbele na kimoja cha nyuma, ili kimoja kikikutupa kingine kikushike.

Kisha hewa itolewe kwenye mabomba, la sivyo pedali huwa laini kama godoro. Kazi hiyo ni ya watu wawili, na wa pili ni mimi. Rukia chini ya gari, mimi juu, buibui nimelikunja magotini.

"Kanyaga, mama. Shikilia. Usiachie!"

"Mwanangu, mguu wafa ganzi!"

"Nao ufe, lakini usiachie!"

Ndiye niliyemzaa huyo.

Lakini kabla ya furaha palikuwa na kilio. Rukia kanikataza nisikwambie, nami nakwambia. Ulipokuwa kwetu, aliiacha mezani mipira midogo ya silinda, ile inayozuia oili isivuje, akaenda kusali. Wewe ukaiona kavu, ukaihurumia, ukaipaka uto wa nazi kama upakavyo mipira ya pampu ya mashua yako, ukairudisha kwa adabu juu ya gazeti. Ulipokwisha kuondoka akaifunga. Hazikupita siku nyingi, alipokuwa akilisogeza, magurudumu ya mbele yakashika yakakataa kuachia, moshi mtupu! Akafungua, mipira imefura kama mahamri. Kumbe oili ya breki si mafuta kama mafuta mengine, na mpira wa breki na uto havikai nyumba moja. Akanusa, akanitazama.

"Mama, huu ni uto wa nazi."

Nikakumbuka chupa uliyokuja nayo. Mtoto akalia, Baba Rukia. Hakulilia kazi, alililia neno lako.

Akajifuta uso, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Salmini. "Ni babangu, Bwana. Alitaka kunisaidia." Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Mtu wa Amu! Hata gari alipaka mafuta kama chombo! Haya, fungua yote, anza upya."

Akaanza upya. Mabomba akayaosha kwa spiriti, mipira ikaagizwa mingine, na mguu wangu ukafa ganzi mara ya pili.

Jana asubuhi likajaribiwa kwenye mteremko ulio nyuma ya bohari ya mzee. Bwana Salmini alitaka kupanda, Rukia akamzuia. "Wa kwanza ni mimi niliyezifunga." Wa pili nilikwisha kukaa! Akaliachia likateremka, upepo wanipiga, nikaanza Yasini. Akakanyaga. Likatulia katikati ya ndia, halikwenda kushoto wala kulia, kama punda aliyeona nyoka. Mzee akaja mbio, akalipapasa kwa viganja viwili. "Baba angeliona hili!" Kisha akamgeukia Rukia: "Bohari yangu i tupu. Fungua gereji yako humo, uandike jina lako mlangoni."

Basi neno lako limekwisha. Harudi. Wala usione haya kwa habari ya uto. Yeye mwenyewe amesema mlango ule hataufungua mpaka uje wewe uufungue kwa bismillahi, na asomaye dua asiwe mwengine.

Nisalimie mama mkwe, umbusu mikono. Nisalimie jirani yetu muuza vitambaa hapo Langoni, mwambie aandae pazia la ofisi. Na Bi Zena msalimie kwa sauti kubwa, mwambie gari la watu wawili lamngoja, nafasi ya pili ni yake.

Mimi mkeo, mama wa fundi, ninayekungojeeni nyote Jumamosi ya kwanza baada ya Maulidi.