Vyuma Alivyoninolea Mama Mkwe

Kalamba, Ijumaa usiku

Hakubakisha hata kimoja! Nilienda kuoga tu, na niliporudi nikampata mama mkwe ameketi mlangoni, amenoa vyuma vyangu vyote vya kuchongea kwa jiwe la panga. "Nilikusikia ukisema vimekuwa butu," akaniambia, amefurahi kweli.

Nikajaribu kimoja kwenye ukucha. Kikiwa kikali hushika ukucha. Hiki kiliteleza. Ncha zote amezifanya mviringo, na kuzirudisha ni kazi ya... Na baba mkwe anazikwa kesho, na kwenye bamba la shaba la kaburi lake nilikuwa nimechonga jina la kwanza pekee.

Sasa mama mkwe utamwambia nini? Tena amefiwa. Nikasema, "Asante, mama."

Jioni watu wa kanisa walipoanza kuimba, nikajificha nyuma ya jikoni na jiwe langu. Wakiimba nanoa, wakiomba naacha. Niliogopa kuharibu jina la mzee, lakini niliogopa zaidi kwamba mama atasikia.

Nikamaliza kunoa, nikachonga majina yaliyobaki. Nikampelekea lile bamba, akapitisha kidole kwa kila herufi ya jina la bwanake, polepole.

"Nilikusikia ukinoa huko nyuma, Baba Mwende," akasema. "Hata yeye, nikinoa panga, alikuwa anangoja nilale halafu anainoa tena. Miaka yote hiyo alidhani sijui."