Mwandishi wa Sura ya Nne

Idara ya Historia, ghorofa ya pili,
Jumatano, 14 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na shemeji je, bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Sisi huku ni wazima wa mwili. Moyoni sina la kukuficha: nimechoka, mdogo wangu, nimechoka hasa. Nimeona nikuandikie barua maana kwenye simu ningelia tu na usingeelewa neno.

Ulinikabidhi mwanao Chiriku akae kwangu, asome hapa chuoni ninapofundisha, na nimeshindwa. Tasnifu aliyoleta mwezi uliopita si yake.

Unajua chuo kimeziweka mtandaoni tasnifu zote za zamani, na kila kazi mpya inapitishwa kwenye programu inayolinganisha maandishi. Ya Chiriku ilipita salama, kwa sababu alitumia programu nyingine ya kubadilisha maneno. Ilibadilisha mpaka "moyo wa utafiti" ukawa "kiungo cha kusukuma damu cha utafiti". Nilicheka peke yangu ofisini kama mwehu. Kisha nikafungua ukurasa wa shukrani. Huo hakuugusa, alinakili kama ulivyo: anamshukuru "dada yangu mkubwa, aliyenifulia na kunipikia nilipokuwa nikiandika". Mtoto wako wa pekee! Dada katoka wapi?

Dada huyo ni mimi. Ile ni tasnifu yako ya wakunga, mwanzo mpaka mwisho.

Nilimkalisha jikoni nikamuuliza. Hata hakushtuka. "Mama mkubwa, darasani kila mtu anafanya hivyo. Tena mimi sijamwibia mtu, ni ya mama." Nikaanza kumpa somo ninalowapa wote, kwamba maandishi yana mwenyewe, na kuyachukua bila kumtaja ni wizi hata kama yako wazi kwenye simu ya kila mtu. Katikati nikaliacha somo. Nikaondoka nikamwacha na chai yake.

Wewe unajua kwa nini. Sura ya nne niliiandika mimi. Ulikuwa umelazwa, mimba ya Chiriku huyuhuyu nusura ikutoe roho, na siku ya kukabidhi ilikuwa Ijumaa. Hukuniomba. Nilikaa kando ya kitanda chako nikaiandika kwa siku nne, na niliona raha, nakwambia kweli. Tangu hapo nimefukuzisha wanafunzi kumi na mmoja kwa kosa hilohilo. Wa mwisho alinipigia magoti. Hebu niambie, mimi ni mtu wa namna gani?

Ningeweza kunyamaza, programu ilishampitisha. Lakini kila nikifumba macho nawaona wale kumi na mmoja, basi nikachukua fomu ya kamati. Ina mahali pa kujaza mwandishi halisi, sura kwa sura. Kwenye ya nne nilikaa asubuhi nzima. Nikiandika jina lako, nadanganya mara ya pili. Nikiandika langu, mimi kazi sina, na shahada yako inafunguliwa upya, shahada iliyokupa huo ualimu mkuu. Chiriku anasimamishwa mwaka mzima vyovyote vile. Nimegeuza huku na huku, sioni pa kutokea.

Chiriku hasemi nami. Yeye aliyekuwa akiongea hata na birika, sasa anajifungia chumbani na nyumba imepoa kabisa. Naosha vyombo huku nalia, jamani, mtu mzima mimi.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na binamu yetu fundi cherehani ukimwona. Mungu akushike mkono pale nilipouachia mimi.

Jana niliandika jina langu, na fomu imepokelewa. Ningekuandikia juzi, ungenibembeleza niichane, na mimi tangu utotoni sijaweza kukukatalia kitu.

Wako akupendaye, utake usitake,
Dada yako