Punje Tisa za Mbuke

Igawa, Alhamisi

Dada Juliana,

Shikamoo. Viazi nimevipata pamoja na barua yako, ahsante. Huku joto tu, si kama huko kwako Ipogolo, na mimi wiki hii nakaa, nasimama, situlii.

Jumatatu niliwafundisha watoto wa awali kuhesabu kwa somo la familia: punje moja ya maharage kwa kila mtu wa nyumbani. Mbuke, mtoto wa wafugaji, akagoma. "Bibi amesema watu hawahesabiwi." Nikamlazimisha. Akapanga tisa mezani kwangu huku analia.

Kesho yake mdogo wake akalazwa, homa kali. Jana bibi yao akaja shuleni. Hakunigombeza, aliuliza tu, "Mwalimu, zile punje bado umezipanga?" Zilikuwa bado mezani. Akazitia kwenye ndoo ya maharage ya darasa, akakoroga kwa mkono mpaka zikapotea, akaondoka.

Ni malaria, Dada, daktari kasema. Najua. Sisi tumelelewa na baba mwinjilisti, mambo hayo siyaamini.

Ila umeniandikia kwamba wanangu unaonilelea, wote watatu, hawajambo. Siku nyingine andika tu kwamba watoto hawajambo.

Mdogo wako,
Yusta